Mtoto Aulizapo Habari za Baba Krismasi

Mazungumzo yangu ya jioni hii yametokana na simu niliyoipokea mwaka jana, mwishoni mwa mwezi wa Novemba, kutoka kwa mjukuu wangu akaaye Toronto pamoja na wazazi wake, mtoto wa kiume mwenye umri wa miaka saba na miezi kadhaa, ambaye baada ya kuniamkia shikamoo nami nikamwitikia marahaba, na baada ya kuniuliza hali ya bibi yake na ya paka wetu, alinyamaza kitambo, kisha akasema kwa sauti ya chini, kama asemavyo mtu aliyejificha nyuma ya mlango: "Babu, mama nikimwuliza hucheka tu, na baba husema nikamwulize mama. Wewe niambie. Baba Krismasi yupo kweli?"

Nakiri kwamba sikuwa na jibu. Mimi nilizaliwa nikakulia pwani, mahali ambapo sikukuu ya Noeli ilikuwa ni kanisa, nguo mpya, pilau, na jamaa kutembeleana, na jirani zetu Waislamu wakapelekewa sahani zao kama na wao walivyotuletea zetu siku ya Idi. Lakini mzee mwenye ndevu nyeupe, ashukaye ndani ya dohani usiku wa manane kuwagawia watoto wema vitu, sisi tulimwona katika kadi za posta na madirisha ya maduka tu, wala nyumba zetu hazikuwa na dohani. Sikupata kumwamini, kwa hiyo sikupata kumtilia shaka. Na mtu ambaye hakupata kuamini jambo hawezi kudai kwamba anaujua uchungu wa yule anayeanza kuliachilia. Nilimwomba mjukuu wangu muhula wa juma moja, naye akanipa, akaniwekea sharti kwamba nisimwambie mama yake. Juma hilo zima nilisoma na kufikiri, na mengi ya nitakayoyasema hapa ni mavuno ya siku zile saba.

Kwanza nilikwama katika neno. Watu wa Uingereza na Marekani, wanapoitaja ile hali ya watoto wao katika mkesha wa Noeli, jinsi nyumba nzima inavyojaa matarajio na jinsi kila kishindo cha juu ya paa kinavyosikika kama kwato za wanyama wanaolivuta gari la mzee huyo, hutumia neno ambalo kamusi zetu hulifasiri kuwa ni uchawi au mazingaombwe. Lakini kwetu uchawi ni shari, ni jambo litendwalo gizani ili kudhuru, na hapana mzazi apendaye litajwe karibu na kitanda cha mwanawe. Na mazingaombwe ni ujanja wa mkono, ambao mtazamaji huulipia kiingilio hali anajua kwamba macho yake yanadanganywa. Muujiza nao tumeuacha kwa Mwenyezi Mungu na mitume wake. Nikaona kwamba neno lililo karibu zaidi ni ajabu, nalo ndilo nitakalolitumia, kwa kuwa ajabu haimlazimu mtu aseme kwamba jambo ni kweli au si kweli. Humtaka asimame alitazame.

Aliyemtangulia mjukuu wangu katika kuuliza swali hili, na ambaye kwa sababu ya swali lake hajasahauliwa hata leo, ni msichana wa mjini New York aliyeitwa Virginia O'Hanlon. Mwaka 1897, alipokuwa ametimiza miaka minane, wenzake walimwambia kwamba Santa Claus, maana ndilo jina la Baba Krismasi kwa Wamarekani, hayuko. Akaenda kwa baba yake. Baba huyo, Philip O'Hanlon, alikuwa daktari, tena msaidizi wa afisa wa serikali achunguzaye sababu za vifo, yaani mtu ambaye kazi yake ilimtaka asimame mbele ya maiti na aseme yaliyo kweli, bila kupunguza wala kuzidisha, na neno lake likategemewa na sheria. Mtu wa namna hiyo, alipoulizwa na binti yake kama Santa Claus yupo, alipindapinda maneno, hakusema ndiyo wala hakusema la; na binti aliposema kwamba ataliandikia gazeti la The Sun ili apate kweli yenyewe, baba alimwachilia aandike, kwani ilikuwa desturi ya nyumba ile, kila shaka ilipozuka, kuuliza gazeti hilo, na baba mwenyewe alizoea kusema kwamba lililochapwa na The Sun ndilo lililo sawa.

Nimelifikiri sana jambo la daktari huyu, na simlaumu. Aliona kwamba akisema yupo atakuwa ametoa ushahidi asioweza kuuapia, na akisema hayupo atakuwa amekivunja kitu ambacho hawezi kukiunga tena. Basi akaliacha shauri lipande kwenye mahakama ya juu. Wazazi wa mjukuu wangu walifanya hivyo hivyo, mmoja kwa kucheka na mmoja kwa kumpeleka kwa mwenziwe, hata rufani ikavuka bahari na kunifikia mimi.

Jibu lilichapwa tarehe 21 Septemba mwaka 1897, miezi mitatu kabla ya Noeli, chini ya tahariri nyingine za siku hiyo, bila jina la mwandishi. Aliyeandika alikuwa Francis Pharcellus Church, mwandishi wa makamo aliyewahi kupeleka habari kutoka uwanja wa vita wakati Wamarekani walipopigana wao kwa wao, mtu asiyekuwa na mtoto. Na wasomaji hawakuambiwa kwamba ni yeye mpaka alipokufa mwaka 1906. Alimjibu msichana kwamba rafiki zake wamekosea, kwa kuwa wameambukizwa tabia ya kushuku ya zama zenye kushuku. Kwamba akili ya binadamu ni ndogo mno mbele ya ulimwengu. Kwamba Santa Claus yupo kama yalivyopo mapenzi na ukarimu. Na kwamba kutokuonekana kwake si dalili ya kutokuwapo kwake, kwani mambo yaliyo ya kweli kupita yote hayaonekani kwa macho. Inasemwa, nami nasadiki, kwamba ni nadra sana tahariri ya gazeti kuchapwa tena na tena kama ilivyochapwa hii.

Niliisoma mara nne katika juma lile, na kila mara nilivutwa na uzuri wake, na kila mara nilipoimaliza nilibaki na jambo lililonikereketa. Mtoto aliomba aambiwe kweli, naye akapewa shairi. Zaidi ya hayo, wale rafiki zake wadogo, ambao majina yao hayakuandikwa popote, walikuwa wamesema neno la haki kwa kadiri ya ujuzi wao, lakini mbele ya mji mzima wakahesabiwa kuwa ndio wenye upungufu wa macho. Naona si insafu. Mtoto anayeshuku hajapoteza kitu katika moyo wake. Ametia akilini mwake chombo kipya, chombo kile kile atakachokihitaji baadaye atakapoletewa dawa ya uongo, hati ya uongo, au mtu wa uongo, na mtu mzima akikipokonya chombo hicho siku ya kwanza kinapotumika, hata kwa maneno matamu, anamwonea.

Hapa mniruhusu nitoke kidogo njiani. Gazeti lile lile la The Sun, mwezi wa Agosti mwaka 1835, lilichapa makala sita mfululizo likidai kwamba mwanafalaki mashuhuri Sir John Herschel, ambaye kwa hakika wakati ule alikuwako Rasi ya Tumaini Jema akizikagua nyota za upande wa kusini, ameona mwezini kwa darubini yake misitu, wanyama, na viumbe mfano wa binadamu wenye mabawa kama ya popo. Watu wazima wengi walisoma wakasadiki, wala haikuwa kwa upumbavu: darubini ilikuwako, Herschel alikuwako, Rasi ilikuwako, na bahari iliyokuwa katikati ilikuwa pana mno kwa mtu kwenda kuuliza. Ndivyo imani inavyojengwa, ya mkubwa na ya mdogo; uongo mmoja huegemezwa juu ya kweli tatu, na msikilizaji akizipima zile tatu akaona ni imara, huiacha ile ya nne ipite bila kupimwa. Mtoto anayemwamini Baba Krismasi hufanya vivyo hivyo. Zawadi ipo, ameishika kwa mikono yake; biskuti aliyomwachia mzee huyo katika sahani imeliwa; na wazazi wake, ambao walimwambia kwamba moto unaunguza akaona kweli unaunguza, na kwamba kisu kinakata akaona kweli kinakata, wanashuhudia. Kadhi gani ataitupa kesi yenye mashahidi kama hao?

Tena mashahidi hawaishii nyumbani. Tangu mwaka 1955, wakati Kanali Harry Shoup alipokuwa zamuni katika makao ya ulinzi wa anga mjini Colorado Springs, wanajeshi wa Marekani, na baadaye wa Marekani na Canada kwa pamoja, wamekuwa kila mkesha wa Noeli wakitangaza mahali alipofika Santa Claus katika safari yake, kana kwamba wamemwona kwa mitambo ile ile ya rada wanayoitumia kulinda mipaka yao. Na huko Canada anakokaa mjukuu wangu, mtoto akiandika barua kwa Santa Claus na kuweka anwani ya Ncha ya Kaskazini, pamoja na namba ya posta iliyotungwa kwa ajili hiyo, H0H 0H0, ambayo machoni inafanana na kicheko cha mzee huyo, barua huitikiwa na watumishi wa posta na wenzao waliojitolea, na majibu hufika nyumbani yakiwa na jina la mtoto. Baba, mama, mwalimu, posta na jeshi: kama mtu mzima angeambiwa jambo na wote hao kwa siku moja, naye akalikataa, tungemwona ni mkaidi.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wameliona jambo hili kwa njia zao. Katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, Jacqueline Woolley na wenzake walitunga kiumbe ambaye hakupata kutajwa duniani, bibi kizee wa peremende, wakawaambia watoto wadogo wa shule ya chekechea kwamba usiku fulani bibi huyo huja akachukua peremende na kuacha kitu cha kuchezea; na baadhi ya wazazi, kwa mapatano, wakazibadili peremende usiku huo. Matokeo yalichapwa mwaka 2004. Miongoni mwa waliotembelewa, walioamini kwa nguvu zaidi walikuwa ni wale wakubwa, si wale wadogo. Nilipolisoma hilo nililifurahia, maana lilithibitisha jambo nililolihisi tu: kwamba mtoto wa miaka minne au mitano huamini kwa sababu akili yake imeanza kuzijua dalili, na dalili zimetengenezwa na watu anaowapenda. Akili ile ile, ikiongezeka kidogo, ndiyo itakayozigeukia zile dalili na kuziuliza zimetoka wapi.

Nilipofika hapo nilimkumbuka nyanya yangu. Kila usiku, kabla ya kutusimulia visa vya sungura na fisi na zimwi, alisema, "Paukwa!" nasi tukaitika, "Pakawa!" na katika kuitika huko tulivuka kizingiti. Tulijua kwamba sasa tumeingia katika nchi ambamo wanyama husema na binti huolewa na jitu, na kwamba hadithi ikiisha tutarudi katika nchi ya ndoo na kuni, wala hapana mmoja wetu aliyepata kulia kwa kugundua kwamba sungura hasemi. Ajabu tuliipata tele, na hatukudanganywa, kwa sababu tulibishiwa hodi kwanza. Baba Krismasi haji na paukwa. Huingia usiku wakati mtoto amelala, akaacha vitu vya kushikika, na asubuhi watu wanaoheshimika wakamtaja kwa uso ule ule wanaomtajia daktari wa meno. Nasema haya bila kuwasifu mno wazee wetu, kwani na wao, mtoto alipokataa kunyamaza, walimwambia kwamba zimwi lipo nje na litamchukua, bila paukwa yoyote, nami nilipata kukesha nikiutazama ufa wa dirisha; na jino la kwanza lilipong'oka nilisimamishwa uani nilirushe juu ya paa na kuomba jipya, nikaamini kwa moyo wangu wote kwamba bila kurusha nisingeota jingine.

Sasa nije kwenye shaka yenyewe. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapwa mwaka 1978 ulionyesha kwamba katika watoto wa miaka minne waliohojiwa, 85 katika kila 100 walimwamini Santa Claus. Wa miaka sita, 65. Wa miaka minane, 25. Maana yake ni kwamba mjukuu wangu alikuwa amefika mahali pale hasa ambapo njia inateremka. Lakini lililonigusa zaidi ni utafiti wa mwaka 1994, ambamo Carl Anderson na Norman Prentice waliwahoji watoto 52 waliokwisha kuacha kuamini, pamoja na wazazi wao. Walikuta kwamba wengi waligundua wao wenyewe, aghalabu wapatapo miaka saba, na kwamba katika kugundua huko furaha ilizidi huzuni. Walioeleza huzuni zaidi walikuwa ni wazazi. Nikatua kitabu, nikamfikiria binti yangu anavyocheka kila anapoulizwa. Kicheko kile nilikijua tangu alipokuwa mdogo. Ndicho alichokicheka siku aliyoondoka uwanja wa ndege, ili asilie mbele yangu. Hakuwa akimlinda mtoto na kweli. Alikuwa akijilinda yeye mwenyewe na siku ambayo mtoto hatakuwa mtoto tena, na katika nchi ya ugeni, mbali na mama na shangazi wa kumsaidia kulea, usiku ule mmoja wa mwaka, anapokaa peke yake sebuleni akifunga vitu vidogo katika karatasi za rangi, ulikuwa ni usiku wa pekee alioweza kusema kwamba amewapa wanawe dunia nzima.

Basi je, niseme nini? Nikarudi kwenye asili ya mtu mwenyewe. Njia aliyopitia ni ndefu, nami nitaikata kwa haraka: Waholanzi walimwita Sinterklaas na kuadhimisha mkesha wake tarehe 5 Desemba, shairi lililochapwa katika gazeti moja la mji wa Troy, jimbo la New York, mwaka 1823 lilimpa wanyama wanane wa kulivuta gari lake la thelujini, na mchoraji Thomas Nast, kuanzia mwaka 1863, akamchora kidogo kidogo pamoja na kitambi chake na mavazi yake ya manyoya. Lakini nyuma ya hao wote yuko Nikolasi, askofu wa Mira katika karne ya nne, mji uliokuwa katika nchi iitwayo leo Uturuki, na riwaya iliyomfanya awe mtakatifu wa kutoa zawadi ni moja. Palikuwa na mtu aliyefilisika mwenye binti watatu, na katika nchi ile mali ya ndoa ilitoka upande wa baba wa bibi arusi, hata umaskini ukawa karibu kuwatupa mabinti katika aibu. Usiku mmoja kikarushwa dirishani kifuko cha dhahabu, na binti wa kwanza akaolewa; usiku mwingine kikarushwa cha pili; na baba, akiona haya kula mali ya mtu asiyemjua, akakesha usiku wa tatu, akasikia nyayo, akatoka mbio na kumkamata mtoaji. Alikuwa ni Nikolasi. Akamwapisha yule baba asimwambie mtu.

Sisi wa pwani, Wakristo na Waislamu, hatuhitaji kufasiriwa jambo hili, kwa kuwa sote tumefundishwa thamani ya sadaka ya siri, inayomfikia mhitaji bila kumwinamisha uso. Nilipolitazama hivyo nikaona kwamba ile ajabu yote, pamoja na dohani na biskuti, ilikuwa ni sitara iliyowekwa ili mtoaji asionekane. Na kwamba yule binti yangu, afungaye vitu usiku kisha asubuhi akasema si mimi, ameurithi mwenendo wa yule askofu pasipo kumjua. Anatoa, na shukrani anaiacha imwendee mwingine. Hapo ndipo nilipopata neno la kumwambia mjukuu wangu, wala halikuwa lile la The Sun.

Jumapili ilipofika akapiga simu saa ile ile. Sikuanza kwa kumjibu. Nilimwuliza, "Wewe umeona nini?" Akanieleza kwa utaratibu ulionishangaza. Kwanza, karatasi iliyofungia zawadi zake mwaka uliopita ilikuwa na nyota za fedha, naye amekuta bunda la karatasi ya namna ile juu ya kabati la mama yake, nyuma ya mablanketi. Pili, mwandiko uliokuwa katika kadi ulifanana na mwandiko wa orodha ya dukani, hasa namna ya kuipinda herufi ya mwanzo ya jina lake. Tatu, na hapa sauti yake ilibadilika, darasani mwake kuna mtoto ambaye baba yake ameachishwa kazi, mtoto mpole asiyegombana na mtu, naye Krismasi iliyopita alipata soksi na penseli. Ilhali mwingine, ambaye huwapiga wenzake, alipata baiskeli. "Babu," akasema, "kama angekuwapo kweli, angefanya hivyo?"

Hoja mbili za kwanza zilikuwa za mpelelezi. Hii ya tatu ilikuwa ni ya mtu mwenye kuitafuta haki, nayo ndiyo iliyonifunga mdomo, kwa kuwa niliona kwamba mtoto yule alikuwa tayari kumpoteza Baba Krismasi kuliko kumwamini mzee dhalimu. Ningemwambia nini, kwamba rafiki yake mpole alikuwa na kosa lililofichika? Wazazi wengi, pasipo kukusudia, huwaachia watoto maskini wakate shauri hilo peke yao, wakiulizana mioyoni mwao wamekosa nini. Nikamwambia kwamba la, hayuko mzee wa namna ile anayesimuliwa, ashukaye katika dohani na kuandika daftari la watoto wema na wabaya. Kisha nikamsimulia habari za Nikolasi na vifuko vitatu, na kiapo alichomwapisha yule baba.

Akanyamaza hata nikadhani simu imekatika.

"Kwa hiyo ni mama," akasema.

"Ni mama na baba."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka, tangu ulipozaliwa."

"Na hawajasema hata siku moja."

"Hawajasema."

Nikasikia pumzi zake, na nyuma yake sauti ya dada yake mdogo aliyekuwa akiimba wimbo wa shule. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, na nilikwisha kuyapanga maneno ya kumtuliza. Lakini alichosema kilikuwa ni hiki: "Yeye ana miaka minne tu, babu." Kisha akaaga, akasema atamsalimia bibi siku nyingine, akakata.

Sikupata habari nyingine mpaka Januari, binti yangu aliponipigia kunitakia heri ya mwaka. Alinieleza kwamba usiku wa mkesha, baada ya watoto kulala, aliteremka kwenda kula biskuti na kuitafuna karoti iliyowekewa wanyama, kama afanyavyo siku zote, akakuta kazi imekwisha fanywa. Makombo yalikuwa sahanini, na nusu ya biskuti imeachwa, nayo ilikuwa na alama ya meno yenye pengo mbele, mahali ambapo mwanawe ameng'oka mawili ya juu. Kando ya sahani palikuwa na kifurushi kidogo kilichofungwa kwa karatasi ya gazeti, kimeandikwa "Mama" kwa herufi zilizopindana na kulala huku na huku, kama za mtu aliyeandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko wake usijulikane. Asubuhi dada mdogo alipiga kelele za furaha kwa kuona biskuti imeliwa, na kaka yake akatikisa kichwa akasema, ajabu. Binti yangu hajamwuliza, na yeye hajasema.